Gesti ya bei nafuu ni zana ya kazi, si aibu wala anasa

Kila siku alfajiri mabasi kutoka Mbeya, Songea, Mwanza, Kigoma na Arusha hushusha jijini Dar es Salaam mamia ya wafanyabiashara wadogo na wakulima. Wapo wanaofuata viatu, vitenge, vyombo na vipuri Kariakoo, wapo waliotangulia au wanaofuata malori ya vitunguu, viazi, nyanya na ndizi. Karibu wote wamekwisha piga hesabu zao njiani. Wanajua nauli, wanajua bei ya mzigo, wanajua ushuru wa kupakia na kupakua, wanajua watauza kwa kiasi gani wakirudi. Jambo moja tu huwa halimo katika hesabu hizo, nalo ni mahali pa kulala.

Kulala huachwa kuwa jambo la dharura. Jua likizama ndipo mtu huanza kuuliza, "Hapa jirani gesti ya bei poa iko wapi?" Matokeo yake ni kwamba mtu aliyebishana nusu saa ili apunguziwe Sh500 kwa jozi ya viatu hulipa chumba bila kukiona, au hupoteza mtaji wote kwa kulala nyuma ya mlango usiofungika.

Huu ni utaratibu unaopaswa kubadilika. Kitanda cha msafiri wa biashara ni gharama ya biashara sawa na gunia, kamba na nauli. Kinapaswa kuchaguliwa kwa kalamu na karatasi kabla ya safari, na anayekichagua vizuri hupata faida inayoonekana.

Hesabu ya kitanda

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa viatu kutoka mkoani mwenye mtaji wa Sh3,000,000. Ananunua jozi 200 kwa Sh15,000 kila moja, na kazi ya kuchagua, kulinganisha bei na kufungasha inamchukua siku mbili. Akilala karibu na soko, kwenye chumba safi cha Sh30,000, usiku mbili zitamgharimu Sh60,000. Gharama hiyo ikigawanywa kwa jozi 200, kila jozi inabeba Sh300 za malazi. Huo ndio mzigo halisi wa kitanda: Sh300 kwa kiatu kitakachouzwa kwa zaidi ya Sh20,000.

Mwenzake anasikia kwamba nje kidogo ya jiji kuna vyumba vya Sh15,000. Analipa Sh30,000 kwa usiku mbili na kujiona mjanja. Lakini siku ya kwanza jioni anakodi bajaji kupeleka mzigo chumbani, Sh10,000. Siku ya pili anaurudisha kwenye ofisi za kusafirisha mizigo, Sh10,000 nyingine. Nauli zake mwenyewe za kwenda na kurudi zinafika Sh8,000. Jumla ni Sh58,000. Ameokoa Sh2,000, na kwa Sh2,000 hizo amekubali kulala usiku kucha akilinda mzigo wa mamilioni.

Tarakimu hizi ni za mfano na kila mmoja anaweza kuweka za kwake. Kinachobaki vilevile ni kanuni: bei ya chumba peke yake haisemi kitu. Gharama ya kulala ni bei ya chumba, pamoja na usafiri wa mtu na mzigo, pamoja na muda unaopotea, pamoja na hatari ya kuibiwa. Chumba rahisi kilicho mbali kinaweza kuwa ghali kuliko chumba cha wastani kilicho hatua mia moja kutoka dukani.

Kwa ndugu si bure

Hapa wengi watasema kwamba kuna njia rahisi kuliko zote, nayo ni kufikia kwa ndugu. Ni desturi njema na hakuna anayepaswa kuidharau. Mtu akiwa na shangazi Mbagala au kaka Gongo la Mboto, kupita Dar es Salaam bila kubisha hodi ni kujitafutia lawama. Lakini kusalimia ni jambo moja na kufanya biashara ukiwa umefikia kwa ndugu ni jambo jingine.

Mgeni hafiki mikono mitupu. Sukari, mchele na mafuta ya kuingia navyo mlangoni vinaweza kufika Sh20,000. Siku ya kuondoka huwezi kuwapita watoto bila kuwaachia chochote, tuseme Sh10,000. Bodaboda na daladala za siku mbili ni Sh12,000. Tayari ni Sh42,000. Bado inaonekana nafuu kuliko Sh60,000 za gesti, hadi hapo muda unapohesabiwa. Anayetoka pembezoni mwa jiji huingia sokoni saa nne, wakati wenye maduka wamekwisha hudumia wateja wa kwanza na bidhaa nzuri zimechaguliwa. Saa kumi anaanza kuondoka ili asikwame kwenye foleni, maana wenyeji wanamsubiri kwa chakula cha jioni na si adabu kuwagongea mlango usiku wa manane.

Kazi ya siku mbili inakuwa ya siku tatu. Siku hiyo ya ziada ina nauli ya Sh6,000, chakula cha mchana na maji Sh10,000, na huko nyumbani duka limefungwa. Kama duka humpa faida ya Sh30,000 kwa siku, basi malazi ya "bure" yamemgharimu Sh88,000, yaani Sh440 kwa kila jozi badala ya Sh300.

Wahenga hawakukosea waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mfanyabiashara anayekuja mjini kila mwezi si mgeni tena, na kumgeuza ndugu kuwa nyumba ya kulala wageni isiyo na malipo huchosha undugu. Ni heshima zaidi kulala gesti, kumaliza kazi, kisha kwenda kusalimia ukiwa na nafasi ya kukaa na kuzungumza.

Ramani ya safari imebadilika

Sababu nyingine ya kupiga hesabu upya ni kwamba njia za kuingia Dar es Salaam si zile za zamani. Kwa miaka mingi msafiri wa mikoani alishuka Ubungo, na gesti za Ubungo, Shekilango na Manzese ziliishi kwa wasafiri hao. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji. Bado wapo wanaolala Ubungo kwa mazoea, ingawa si karibu na kituo wala si karibu na soko.

Anayeshuka usiku na anataka kuamka mapema kuingia mjini ana sababu ya kulala Mbezi. Anayeshuka mchana na shughuli yake ni Kariakoo hana sababu hiyo. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yamekuwa yakitoka Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo. Ni vema aingie moja kwa moja kwenye eneo la kazi, achukue chumba, kisha aanze kuzunguka.

Mabadiliko mengine ni mabasi ya usiku. Baada ya miaka mingi ya zuio, mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku na mchana. Sasa mtu wa Iringa anaweza kulala ndani ya basi, akafika alfajiri, akanunua mchana kutwa na kurudi usiku uleule bila kulipia chumba. Kwa anayefuata mzigo mdogo anaoujua, kutoka duka analolijua, hiyo ni akiba halali. Kwa anayekwenda kutafuta bei ni akiba ya udanganyifu. Mtu aliyekesha kwenye kiti hachagui vizuri. Ifikapo saa nane mchana huwa amekwisha kubali bei yoyote ili mradi aondoke, na kasoro za mzigo hugundua akiwa nyumbani. Anayefanya manunuzi ya mamilioni anahitaji usingizi kama anavyohitaji pochi.

Halafu kuna treni ya reli ya kisasa. Ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa Sh13,000 hadi Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma. Kwa mfanyabiashara wa Morogoro hesabu imegeuka kabisa: kulala Dar es Salaam kunaweza kumgharimu zaidi ya nauli ya kurudi nyumbani na kuja tena kesho yake. Treni ya abiria haitachukua marobota, lakini mzigo unaweza kufuata kwa lori wakati mwenyewe amelala kitandani kwake.

Kwa hiyo swali la kwanza si chumba kinauzwa bei gani. Swali la kwanza ni kama kuna haja ya kulala, na kama ipo, ni upande gani wa jiji.

Fedha na mlango

Katika vyumba vingi vya bei nafuu huwa kuna karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Inasema kwamba fedha na vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi, vinginevyo uongozi hautahusika na upotevu. Mteja huisoma na kucheka. Atamkabidhi nani Sh3,000,000? Mhudumu aliyemkuta usiku huu, ambaye kesho zamu yake imekwisha, na ambaye sanduku lake la fedha ni droo ya meza? Basi anazifunga kiunoni, anazitia chini ya godoro au ndani ya soksi, na wezi wa mjini wanajua sehemu zote hizo kuliko yeye.

Dawa ya tatizo hili haipo ndani ya chumba, ipo kabla ya safari. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na baada yake huduma nyingine za simu na mawakala wa benki, hakuna tena ulazima wa kusafiri na mtaji wote mfukoni. Fedha zinaweza kubaki kwenye akaunti hadi asubuhi ya manunuzi, na wenye maduka ya jumla wengi hupokea malipo kwa simu au benki. Ni kweli yapo makato, na wapo wanaoyakwepa kwa kubeba noti. Lakini makato hayo yahesabiwe kama ujira wa mlinzi. Mtu anayelipa mgambo wa sokoni alinde meza ya nyanya usiku hawezi kushindwa kulipia ulinzi wa mtaji mzima.

Pamoja na hayo, chumba kikaguliwe kabla ya kulipa. Si ufedhuli kumwambia mhudumu, "Naomba kwanza nikione, dada." Komeo la ndani lifanye kazi. Dirisha liwe na nondo na lifungike. Funguo ya akiba ijulikane iko kwa nani. Maji yatoke bombani, au kama ni ya ndoo yawepo. Chandarua kisiwe na matundu, maana malaria inayopatikana kwenye chumba cha Sh10,000 hutibiwa kwa fedha nyingi zaidi ya hizo. Pembe za godoro zifunuliwe kutazama kunguni, kwa sababu anayerudi nao kwenye begi huwapeleka hadi kwa watoto wake. Saa ya kukabidhi chumba iulizwe mapema. Sehemu nyingi ni saa nne asubuhi, na anayechelewa sokoni hudaiwa siku nyingine. Ni jambo la kawaida kuomba begi likae mapokezi baada ya kurudisha funguo, lakini begi hilo liwe la nguo tu.

Mzigo ulionunuliwa usiingie chumbani kabisa kama inawezekana. Kariakoo kuna ofisi nyingi za kusafirisha mizigo mikoani. Mzigo ukitoka dukani uende huko, uandikwe, stakabadhi itunzwe. Chumba ni cha mtu kulala, hakikujengwa kuwa ghala.

Jina baya linalowaumiza wanawake

Kuna jambo ambalo haliandikwi sana kwenye kurasa za biashara, ingawa linagusa biashara moja kwa moja. Gesti nyingi za mijini zimejengewa jina baya. Zipo zinazopangisha vyumba kwa saa na kuishi kwa mapato hayo, na zipo gesti bubu zisizo na leseni wala kitabu cha wageni. Jina hilo huwapaka matope hata wasafiri wa heshima.

Wanaoumia zaidi ni wanawake. Sehemu kubwa ya biashara ya vitenge, nguo za watoto, vyombo na mazao ya chakula iko mikononi mwao, na wengi husafiri peke yao. Mama anayefika mapokezi saa mbili usiku huulizwa kama yuko peke yake kwa sauti inayosikika hadi barazani. Mwingine hugongewa mlango usiku na mtu aliyeambiwa na mlinzi kwamba chumba namba fulani kuna mwanamke. Huko nyumbani nako, mume au wifi hataki kusikia neno gesti. Ndiyo maana mama huyo hulala kwa ndugu kilomita 25 kutoka sokoni, au hukaa kituoni hadi kunakucha, au humtuma kijana amnunulie mzigo na kuletewa asichokitaka. Huo ni mtaji unaopotea kwa sababu ya kukosa kitanda chenye heshima.

Njia za kupita zipo. Hosteli za taasisi za dini, kama Msimbazi Center iliyopo Ilala au Luther House jirani na kanisa la Azania Front, zimepokea wasafiri kwa miaka mingi, na sifa yao inatosha kumnyamazisha wifi yeyote. Wanawake wanaofanya biashara moja wanaweza kusafiri wawili wawili na kuchukua chumba cha vitanda viwili, kitu kinachopunguza gharama na kuongeza usalama. Hata hivyo hosteli hizo hazitoshi kwa wote, na si haki mtu alazimike kuwa na mwenzake ndipo aheshimiwe. Wajibu mkubwa uko kwa wenye gesti.

Rahisi si lazima iwe chafu

Wamiliki wa gesti ndogo nao ni wafanyabiashara wadogo, na wengi walianza kwa kuongeza vyumba vinne uani. Kosa linalorudiwa na baadhi yao ni kuamini kwamba bei ikiwa ndogo mteja hana haki ya kudai usafi. Wengine hufanya kinyume chake: hununua televisheni kubwa, mapazia ya kung'aa na friji, kisha hupandisha bei, wakati shuka ni zilezile na kitasa kinachezacheza.

Katika nchi nyingine biashara ya vyumba rahisi ilikua kwa njia tofauti. Mwaka 1962 wajenzi wawili wa Santa Barbara, California, nchini Marekani, walifungua nyumba ya wageni waliyoipa jina la bei yake: Motel 6, kwa kuwa chumba kiliuzwa dola sita kwa usiku. Waliondoa kila kitu ambacho msafiri aliyechoka hakihitaji ili alale. Aliyetaka televisheni alitumbukiza sarafu. Kitanda, usafi na maji havikuondolewa, na kampuni hiyo ilienea nchi nzima. Mwaka 2005 easyHotel ilianza London kwa mtindo huohuo: vyumba vidogo mno, na anayetaka kuangalia televisheni anaongeza fedha. Bei ilishushwa kwa kupunguza vitu, haikushushwa kwa kupunguza usafi wala usalama.

Msafiri wa biashara wa Tanzania, Zambia, Malawi au Congo anayekuja Kariakoo hatafuti mapambo. Anataka shuka iliyofuliwa leo, komeo imara, taa inayowaka, maji, sehemu ya kuchaji simu, na mtu mapokezi anayejua saa za mabasi. Akipata hayo kwa bei inayoeleweka atarudi mwezi ujao na atawaleta wenzake. Mteja wa saa moja huleta fedha leo. Mteja wa kila mwezi huleta fedha mwaka mzima, na gesti moja si rahisi kuwahudumia wote wawili. Mwenye gesti iliyo jirani na soko ana sababu ya kibiashara, mbali na ile ya maadili, ya kuchagua upande.

Kuna hatua ndogo zisizohitaji mkopo wa benki. Bei ibandikwe mapokezi ili mgeni asipimwe kwa lafudhi yake. Vyumba vichache vilivyo karibu na mapokezi vitengwe kwa wanawake wanaosafiri peke yao, na mlinzi aonywe kwamba namba ya chumba cha mgeni haitajwi kwa mtu yeyote. Kabati la chuma lenye funguo mbili, moja ya mgeni na moja ya nyumba, liwekwe kwa ajili ya wanaotaka kuhifadhi fedha, na stakabadhi itolewe. Hapo karatasi ya nyuma ya mlango itakuwa na maana.

Risiti pia itolewe bila kuombwa. Mfanyabiashara anayelipa kodi kwa kuandaa hesabu hutozwa kwa faida, na gharama ya malazi ya safari ya biashara hupunguza faida hiyo pale inapokuwa na ushahidi. Anayeambiwa "ukitaka risiti bei ni nyingine" anapunguziwa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto. Hata yule ambaye bado ni mdogo na halazimiki kuandaa hesabu, risiti humsaidia kujua mwisho wa mwaka fedha zilikwenda wapi.

Mkulima naye hulala wapi?

Hali ya mkulima ni ngumu zaidi. Mazao hayaingii jijini saa za ofisi. Malori ya ndizi na matunda huingia Mabibo, nyanya na vitunguu huingia Ilala, viazi na mboga huingia Temeke Stereo na kwingineko, nayo mengi hufika usiku ili biashara ifanyike alfajiri. Mkulima aliyesindikiza mzigo wake hawezi kuuacha akalale mbali, maana bei hupangwa kabla jua halijachomoza na asiyekuwepo hupangiwa. Kwa hiyo hulala juu ya magunia au chini ya lori, na asubuhi akiwa hajaoga wala kula, anakutana na dalali aliyelala nyumbani kwake vizuri.

Katika majadiliano hayo nani atashinda? Mkulima aliyechoka anataka mzigo uishe aondoke. Dalali anaweza kusubiri. Saa nane za usingizi zinaweza kuwa ndiyo tofauti ya bei ya gunia, na katika gunia 100 tofauti ya Sh1,000 kwa gunia ni Sh100,000, fedha inayolipa vyumba kadhaa.

Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao kwenye masoko haya, na hukusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni pia. Ni haki sehemu ya fedha hizo imrudie anayezitoa. Masoko makubwa ya mazao yanapojengwa au kukarabatiwa, michoro iwe na bweni rahisi la kulala wakulima: vitanda, bafu, choo na makabati ya kufunga, kwa malipo madogo. Jambo hilo halina ugeni kwa nchi hii. Bagamoyo bado lipo jengo la Caravan Serai, kumbukumbu ya enzi ambazo misafara ya biashara kutoka bara ilipofika pwani ilihitaji mahali pa kutua mizigo na kupumzika. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walielewa kwamba soko bila malazi ni soko nusu. Aidha, maofisa afya na biashara wanaokagua mama lishe kwa ukali wazitazame gesti kwa jicho hilohilo, na gesti bubu zilizopo jirani na masoko zichague kupata leseni au kufunga.

Nguvu ya kwenda wengi

Wakati hayo yakisubiriwa, vikundi vina nguvu ambayo havijaitumia. Chama cha ushirika cha msingi, SACCOS au kikundi cha wafanyabiashara kumi wa soko moja kinaweza kuzungumza na gesti moja jijini na kukubaliana bei ya mwaka mzima. Mwenye gesti anayeahidiwa vyumba kumi kila mwezi atapunguza bei kwa furaha, kwa sababu chumba kisicholala mtu leo hakiuziki kesho. Kikundi nacho kinapata bei isiyopanda msimu wa sikukuu, mahali panapofahamika na familia, na sauti ya pamoja pale panapotokea malalamiko.

Faida ya mpango huo huonekana zaidi msimu wa maonyesho. Wakati wa Sabasaba jijini Dar es Salaam, na Nanenane katika viwanja kama Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya au Themi Arusha, vyumba huadimika na bei hupanda. Mkulima aliyekwenda kujifunza mbegu mpya hulazimika kurudi siku ileile kwa kukosa pa kulala. Chumba kilichowekwa oda miezi miwili kabla, kwa simu na kwa malipo ya awali yenye stakabadhi, huondoa adha hiyo.

Hakuna mkulima anayekwenda shamba na kusema jembe atalitafuta huko huko. Analinoa jioni, analiweka mlangoni, asubuhi analibeba. Kitanda cha safari ya biashara kinahitaji maandalizi ya namna hiyo. Katika daftari la safari ijayo, chini ya nauli na juu ya bei ya mzigo, uongezwe mstari mmoja: malazi, wapi, usiku ngapi, kiasi gani. Anayeuandika mstari huo kabla ya kupanda basi ataingia sokoni saa mbili asubuhi akiwa amelala, ameoga, na mtaji wake ukiwa mzima.